Kidonge cha Presha na Madini Yanayotoka Mwilini: Mwongozo kwa Wagonjwa wa Mtwara na Lindi

Bibi mmoja wa Mikindani alifika kwenye dirisha la dawa ninapofanyia kazi, vidonge vyake akiwa amevifunga katika pindo la khanga. Baada ya shikamoo na marahaba alieleza shida yake bila kuzunguka: "Mwanangu, usiku miguu inanikaza mpaka nalia, na mchana sina nguvu hata ya kuinua ndoo." Alipofungua pindo vilitoka vidonge vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa amlodipini ya miligramu 10, ambayo aliandikiwa kliniki. Vya pili vilikuwa vidogo, vyeupe, bila boksi.

"Na hivi, bibi, ulipewa na nani?"

"Hivyo nilinunua dukani. Miguu ilivimba, wakaniambia ni maji, ninywe yatoke."

Vilikuwa furosemaidi ya miligramu 40, na alikuwa amevinywa kila siku kwa wiki tatu. Uvimbe wa miguu yake ulitokana na amlodipini, ambayo hulegeza mishipa midogo ya damu hadi majimaji yakavujia kwenye vifundo vya miguu. Haukuwa maji yaliyozidi mwilini, na dawa ya kukojoza haiutibu. Kilichotoka kwa wingi ni potasiamu, madini yanayosaidia misuli na moyo kufanya kazi, na alipopimwa ilikuwa 2.9, wakati kiwango cha kawaida huanzia 3.5 hadi takriban 5.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita.

Nimeanza na bibi huyu kwa sababu kisa chake kinaonyesha jambo ambalo wagonjwa wengi wa presha hawaambiwi: dawa za presha ni makundi kadhaa yanayofanya kazi tofauti, na kila kundi lina namna yake ya kuyagusa madini na vitamini za mwili. Lipo linalotoa potasiamu, lipo linaloibakiza, na yapo yasiyoigusa kabisa. Kwa hiyo ushauri wa jumla kwamba mgonjwa wa presha anywe madafu kwa wingi unaweza kumfaa jirani yako na kukudhuru wewe. Hatua zinazofuata zimepangwa ili ujue uko upande gani kabla hujabadili chochote, na katika hatua zote hizo usiache dawa yako kwa uamuzi wako mwenyewe, maana upungufu wa madini hurekebishika, lakini kiharusi kikishapiga mara nyingi huacha ulemavu.

Hatua ya kwanza: tandaza vidonge vyote na usome majina

Toa dawa zote ulizo nazo nyumbani, za kliniki, za duka la dawa muhimu, za kuazima kwa shemeji na zilizobaki mwaka jana, uzitandaze mezani au kwenye mkeka. Wagonjwa wengi huitambua dawa kwa rangi au kwa ukubwa, jambo ambalo ni hatari, kwa sababu kiwanda kikibadilika rangi nayo hubadilika, na vidonge vyeupe vidogo ni vingi mno. Jina unalolitafuta ni lile la dawa yenyewe, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

Katika mwongozo huu nimeyaandika majina hayo kwa matamshi yetu. Kwenye boksi utayakuta bila irabu ya mwisho au yakiwa yamepinda kidogo. Miisho ya majina itakusaidia kuliko unavyodhani. Dawa zinazoishia na "pril", kama kaptoprili, enalaprili na lisinoprili, ni ndugu wa tumbo moja. Zinazoishia na "sartan", kama losartani na telmisartani, ni ndugu wengine. Zenye mwisho wa "olol", mfano atenololi na propranololi, ni kundi la tatu, na zenye "dipine", yaani amlodipini na nifedipini, ni la nne. Dawa za kukojoza hazina mwisho mmoja, kwa hiyo zikariri: haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi, indapamaidi, furosemaidi na spironolaktoni. Angalia pia kama kidonge chako kimoja kimebeba dawa mbili, kwa mfano losartani pamoja na haidroklorothiazaidi. Hapo jina la pili ndilo wengi hulisahau.

Andika kila jina na miligramu zake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako la kliniki. Kama kidonge hakina jina wala boksi, kipeleke kwa mfamasia akione, na kama naye hakitambui, usikimeze.

Hatua ya pili: jua kila kundi linatoa nini na linabakiza nini

Dawa za kukojoza ndizo zenye mambo mengi, na inafaa kuelewa zinavyofanya kazi. Figo huchuja damu usiku na mchana, kisha hurudisha sehemu kubwa ya chumvi na maji iliyochuja. Dawa ya kukojoza huizuia figo kuirudisha sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, na pale sodiamu inapokwenda, maji huifuata, ndipo presha hushuka. Lakini sodiamu nyingi ikifika mwishoni mwa mirija midogo ya figo, figo hujaribu kuiokoa kiasi, na katika kufanya hivyo huitoa potasiamu kwenye mkojo. Magnesiamu nayo hupotea, na zinki kidogo. Ndiyo maana mtu anayekula chumvi nyingi huku akimeza dawa ya kukojoza hupoteza potasiamu zaidi kuliko mwenzake anayekula chumvi kidogo: anaileta sodiamu ileile ambayo dawa inahangaika kuitoa. Dozi nayo ina uzito wake. Haidroklorothiazaidi ya miligramu 12.5 hutoa potasiamu kidogo kuliko ya 25, ilhali faida kwa presha haipandi kwa kasi hiyohiyo, kwa hiyo aliyepewa dozi ndogo asidhani amepunjwa.

Ndani ya kundi hili kuna tofauti moja ya kuikumbuka. Haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi na indapamaidi hubakiza kalsiamu mwilini, wakati furosemaidi huitoa. Mtu anayetumia zile tatu hana haja ya kukimbilia vidonge vya kalsiamu bila kupimwa. Furosemaidi, ikitumika kwa muda mrefu, hasa kwa wenye moyo uliochoka, hutoa pia vitamini B1, ambayo huyeyuka katika maji na haina ghala kubwa mwilini. Upungufu wake huleta ganzi miguuni na huweza kuudhoofisha moyo uleule uliokuwa ukitibiwa. Spironolaktoni inakwenda kinyume na wenzake: inakojoza kidogo lakini inaibakiza potasiamu.

Kundi la "pril" asili yake ni ya kushangaza, kwa kuwa kaptoprili ilibuniwa kutokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili na kuruhusiwa Marekani mwaka 1981. Kundi hili na lile la "sartan" huibakiza potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima jambo hilo mara nyingi halina shida. Kwa mwenye figo dhaifu, potasiamu inaweza kupanda hadi kuuvuruga mdundo wa moyo. Hasara yao upande wa madini ni zinki, ambayo huweza kutoka zaidi kwenye mkojo, hasa kwa anayetumia kaptoprili. Baadhi ya wagonjwa wa kaptoprili hulalamika kwamba chakula kimepoteza ladha, au wanaonja kitu kama chuma ulimini, na mke akaonekana hajui kupika kumbe ni kidonge.

Haidralazini, dawa nyingine ya presha iliyo nje ya makundi hayo, huingiliana na vitamini B6. Dozi zikiwa kubwa na za muda mrefu, mgonjwa anaweza kupata ganzi au hisia ya kuchomwachomwa kwenye vidole, na daktari huweza kumwongezea vitamini hiyo.

Methildopa, dawa ya presha ambayo akina mama wajawazito wengi wanaifahamu, shida yake ni ya namna nyingine. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa kliniki ya wajawazito vikimezwa pamoja na methildopa, huizuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri tumboni, na presha hubaki juu ingawa mama anameza dawa yake kwa uaminifu. Tenganisha hivyo viwili kwa saa mbili au zaidi. Kwa mfano, methildopa asubuhi kwa wakati wake, na cha madini ya chuma katikati ya dozi mbili za methildopa. Usikiache kile cha chuma, kwa kuwa damu nayo inahitajika.

Amlodipini na nifedipini hazina madini ya kuzungumzia. Kundi la "olol" nalo vilevile, ingawa wapo wauzaji wanaosema linamaliza koenzaimu Q10, kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe, na kwamba ni lazima uinunue. Ushahidi wa kwamba kuinunua kunamsaidia mgonjwa wa presha ni dhaifu, na fedha hiyo ingenunua samaki wa wiki nzima.

Usisahau dawa zisizo za presha zilizomo katika pindo lilelile. Wengi wenye presha wana kisukari pia, na metformini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo, ikinywewa kwa muda mrefu, hushusha magnesiamu na B12. Mtu mwenye haidroklorothiazaidi, metformini na omeprazoli kwa pamoja anatobolewa gunia katika pembe tatu.

Hatua ya tatu: zifahamu dalili, lakini usijihukumu kwazo

Potasiamu ikipungua, misuli huchoka bila kazi, nyuma ya miguu hukaza usiku, choo huwa kigumu, na moyo huweza kurukaruka. Magnesiamu ikipungua, mkazo wa misuli hufanana na huo, pengine na mtetemeko wa mikono, na potasiamu hukataa kupanda hata ukiiongeza. Hiyo ndiyo sababu daktari mzoefu huiulizia magnesiamu anapoona potasiamu haisogei. Sodiamu ikishuka mno, jambo linalowapata hasa wazee, na zaidi wanawake, wanaotumia haidroklorothiazaidi na ndugu zake, mgonjwa huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, kisha huanza kuchanganyikiwa, na nyumbani wakasema ni uzee. Zinki ikipungua, ladha hupotea na vidonda huchelewa kupona.

Shida ni kwamba dalili hizi zina wenyewe wengi. Mkazo wa miguu unaweza kutokana na kutembea umbali mrefu kwenda shambani, ganzi inaweza kutokana na sukari, na uchovu unaweza kuwa malaria au upungufu wa damu. Potasiamu iliyozidi nayo huleta udhaifu wa misuli karibu sawa na iliyopungua. Kwa hiyo dalili ikupeleke kupima, isikupeleke dukani.

Hatua ya nne: pima damu

Kipimo unachokitaka ni cha chumvichumvi za damu, yaani sodiamu na potasiamu, pamoja na kreatinini inayoonyesha hali ya figo. Magnesiamu huombwa peke yake, na haipatikani kila mahali. Zahanati nyingi hazina mashine hiyo. Kwa upande wa Mtwara ulizia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Kwa Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine. Na kwa walio bara kuelekea Masasi, hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao zimewahudumia watu kwa miaka mingi. Uliza kwanza kwa simu au kwa anayefahamu kama mashine inafanya kazi na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vipo, ili usilipe nauli ya bure kutoka Tandahimba au Liwale.

Ni vyema kupima kabla ya kuanza dawa ya kukojoza au dawa ya kundi la "pril" au "sartan", kisha kurudia baada ya wiki 2 hadi 4, na tena kila dozi inapobadilishwa. Hali ikitulia, mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi; wazee na wenye figo dhaifu wanahitaji zaidi.

Kuna jambo dogo ambalo huharibu majibu. Damu ikichukuliwa mgonjwa akiwa anakunjakunja ngumi kwa nguvu, au sampuli ikikaa muda mrefu na kutikiswa njiani, potasiamu huonekana iko juu kuliko ilivyo. Ukiambiwa potasiamu imepanda na hujisikii chochote, si vibaya kuomba kwa heshima kipimo kirudiwe kabla dawa hazijabadilishwa, ila usiondoke na kusema utarudi mwezi ujao.

Hatua ya tano: anza na chumvi, kisha sufuria

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko cha chai kimoja kisichojaa kilima, na hiyo ni pamoja na iliyofichika. Huku kwetu ukanda wa pwani chumvi tunaichimba wenyewe mabwawani na tunaihifadhia samaki, kwa hiyo ng'onda mmoja anaweza kubeba chumvi ya siku nzima. Mloweke, mwage maji, mloweke tena, na usiongeze chumvi kwenye mchuzi wake. Vivyo hivyo ming'oko, yaani viazi pori vya huku kwetu, ambayo yenyewe haina tatizo, lakini ile chumvi na pilipili inayochovewa pembeni ndiyo ya kuangaliwa.

Cha pili ni magadi. Wapishi wengi hutia magadi kwenye mlenda, kunde au maharage ili viive upesi na vilainike. Magadi ni sodiamu kwa jina lingine, na zaidi ya hapo huiua vitamini B1 iliyomo kwenye chakula. Mtu anayetumia furosemaidi na kula kunde za magadi anaipoteza vitamini hiyo mara mbili, mkojoni na jikoni. Loweka kunde usiku kucha, zitaiva bila magadi, na kuni utaokoa.

Baada ya chumvi ndipo tuje kwenye chakula cha kurudisha kilichotoka, na hapa naomba urudi kwenye daftari lako. Ikiwa unatumia haidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi, indapamaidi au furosemaidi, hutumii spironolaktoni wala dawa za "pril" au "sartan", na figo zako ni nzima, basi vyakula vyenye potasiamu ni rafiki zako. Glasi moja ya madafu ina takriban miligramu 400 hadi 600 za potasiamu, ndizi mbivu ya wastani karibu miligramu 420, na bakuli la mbaazi zilizopikwa zaidi ya miligramu 600. Viazi vitamu, muhogo wa kuchemsha, mchicha na matembele vinaongeza. Mtu mzima anahitaji angalau miligramu 3,510 kwa siku kwa mujibu wa shirika hilohilo, kwa hiyo dafu moja halimalizi kazi. Mbaazi za nazi mara kwa mara, zisizo na chumvi nyingi, zinafanya kazi kubwa kuliko dafu la Jumapili.

Mboga za majani zikichemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, potasiamu humwagika nayo. Mchicha na matembele vipike kwa maji kidogo, ule na mchuzi wake. Kisamvu ni tofauti. Kina sumu ya asili, lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha kama mama zetu walivyotufundisha, na sikushauri ufupishe mapishi yake kwa ajili ya kuokoa madini.

Kwa magnesiamu, watu wa kusini hatuna udhuru. Gramu 100 za korosho zina takriban miligramu 290, na konzi moja ya mkono, kama gramu 30, inakupa zaidi ya miligramu 80, wakati mtu mzima anahitaji kati ya 310 na 420 kwa siku. Zinki pia imo humo. Sharti ni kwamba korosho ziwe za kubanguliwa na kukaangwa bila chumvi; zile za pakiti zinazong'aa kwa chumvi zinarudisha shida mlangoni. Ufuta, mbaazi, njugu mawe na ugali wa dona hufuata. Ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, unashibisha, lakini ni maskini wa vitamini B1 na wa zinki, kwa hiyo usiule na mchuzi mwepesi tu siku baada ya siku. Upate kunde, karanga au samaki pembeni. Kwa zinki hakuna kinachoishinda chaza, na wanaokaa karibu na maji yanapokupwa wanaipata bila gharama kubwa. Kaa na kamba nao wana zinki ya kutosha.

Ikiwa kinyume chake unatumia spironolaktoni, au dawa ya "pril" au "sartan" huku figo zako zikiwa dhaifu, geuza maelezo haya. Madafu kila siku hayakufai, na mboga na viazi vichemshe kwa maji mengi kisha umwage. Jihadhari hasa na chumvi mbadala zinazouzwa kwa jina la chumvi ya wagonjwa wa presha, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Soma kibandiko chake kama ulivyosoma cha dawa.

Hatua ya sita: vidonge vya nyongeza, kwa mkono wa daktari

Chakula kikishindwa, daktari anaweza kuandika kloridi ya potasiamu. Vidonge vyake humezwa vizima, pamoja na chakula na maji ya kutosha, mgonjwa akiwa amekaa au amesimama, kwa sababu kikikwama kooni hubabua. Usiviongeze kwa kudhani kwamba vikiwa vingi ndipo nguvu inarudi haraka. Potasiamu nyingi husimamisha moyo. Magnesiamu ya vidonge huharisha ikizidi. Zinki isizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu bila usimamizi, maana huzuia madini ya shaba kufyonzwa. Vitamini B6 nayo, ambayo watu hudhani haina madhara kwa kuwa ni vitamini, ikinywewa kwa dozi kubwa kwa miezi mingi huleta ganzi ileile uliyokuwa ukiikimbia. Chupa za vitamini mchanganyiko zinazopitishwa stendi na nyumba kwa nyumba sizishauri, kwa sababu moja tu: muuzaji hajui umeandikiwa kidonge gani.

Hatua ya saba: rudi kwa aliyekuandikia ukiwa na swali lililo wazi

Mara nyingi tiba nzuri ya upungufu ni kubadili mpango wa dawa, kuliko kuongeza kidonge juu ya kidonge. Dozi ya dawa ya kukojoza inaweza kupunguzwa. Inaweza kuunganishwa na losartani au enalaprili, ambazo huibakiza potasiamu inayotolewa na mwenzake. Muulize: "Daktari, kati ya dawa zangu hizi, ipo inayonitoa madini, na nimepimwa lini mara ya mwisho?" Hakuna utovu wa adabu katika swali hilo. Bibi wa Mikindani alirudishwa kliniki. Furosemaidi ilisimamishwa, amlodipini ikashushwa hadi miligramu 5 na akaongezewa losartani, ambayo hupunguza ule uvimbe wa vifundo. Potasiamu ilipokwisha kupanda alishauriwa apunguze madafu aliyokuwa ameanza kunywa asubuhi na jioni, jambo alilolipokea kwa manung'uniko kidogo, kwa sababu mnazi uko nyuma ya nyumba.

Hatua ya nane: siku za kuharisha, na msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba watu wanainama chini ya mikorosho tangu alfajiri, jua linawaka, jasho linatoka na maji ya kunywa ni haba, hasa juu ya nyanda za Wamakonde. Aliyemeza dawa ya kukojoza asubuhi anaweza kupatwa na kizunguzungu akiinuka ghafla. Beba maji, meza kidonge asubuhi mapema na si usiku, na pumzika kivulini jua la mchana linapokuwa kali.

Mgongo ukiuma, usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo hupandisha presha, na zikikutana tumboni mwa mtu mmoja na dawa ya kukojoza pamoja na ile ya "pril" au "sartan", huweza kuziangusha figo, hasa maji yakiwa yamepungua mwilini. Parasetamoli ni salama zaidi kwako.

Ukipata kuharisha au kutapika kwa nguvu, potasiamu na sodiamu hutoka kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti, yale yanayochanganywa na lita moja ya maji safi, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza kama dawa ya kukojoza na ya "pril" au "sartan" zisimamishwe kwa siku moja au mbili hadi utakapoanza kula. Uamuzi huo ni wa mtoa huduma, kwa kuwa wapo wenye moyo uliochoka ambao hawawezi kukosa hata dozi moja.

Moyo ukirukaruka na pumzi zikikuishia, miguu ikikosa nguvu ya kusimama, au mzee akianza kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, usisubiri asubuhi. Tafuta gari au bodaboda usiku huohuo, na kabla ya kutoka chukua daftari na vidonge vyote, pamoja na vile visivyo na boksi.